Blasio Kigozi: mwalimu aliyekufa kabla uamsho haujafika Buha

Jumapili asubuhi ukipita barabara ya kuelekea kambi ya Nduta, utausikia wimbo mmoja kabla hujayaona mapaa ya turubai. Unaitwa Tukutendereza. Warundi wanauimba, Waha wa vijiji vya jirani wanauimba, na ukienda Bukoba, Dodoma, Nairobi au Kampala utaukuta huko pia. Wengi wanaouimba hawajui kwamba neno lile ni Kiganda. Wanaojua jinsi lilivyofika huku ni wachache zaidi.

Miezi michache iliyopita, katika kipindi chetu cha asubuhi, mama mmoja alipiga simu na kuuliza swali ambalo sikuweza kulijibu hewani. Alitaka kujua kwa nini siku hizi kila baada ya nyumba chache kuna kanisa jipya, na kwa nini kambini ni zaidi kuliko kijijini. Je, watu wamekuwa wacha Mungu kuliko zamani, au kuna jambo jingine? Nilimwahidi kwamba nitaandika. Njia nzuri niliyoipata ya kumjibu ni kusimulia maisha ya mtu mmoja, mwalimu wa shule, aliyefariki Januari 1936 akiwa hajafikisha miaka 30. Jina lake Blasio Kigozi.

Mtoto wa mtumishi wa chifu? Hapana, wa chifu mwenyewe

Blasio alizaliwa Buganda mnamo mwaka 1909, katika familia ya chifu. Hilo lina uzito. Wakati huo kuwa mtoto wa chifu na kuwa Mkristo wa Kiprotestanti huko Buganda vilikwenda pamoja kama mkono na kidole. Wamishonari wa kwanza wa Kianglikana walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877, wakaja mashahidi waliouawa miaka ya 1880, halafu vita vya dini, halafu utawala wa Waingereza. Hadi Blasio anaanza kwenda shule, dini iliyowahi kuwagharimu watu maisha ilikuwa imegeuka ngazi ya kupandia cheo. Aliyebatizwa alisoma, aliyesoma aliajiriwa, na aliyeajiriwa alipewa ardhi au uchifu.

Kaka yake mkubwa, Simeoni Nsibambi, aliyezaliwa mwaka 1897, alikuwa mfano wa mtu wa aina hiyo. Alikuwa na kazi nzuri serikalini katika idara ya afya mjini Kampala na alikuwa na mali. Lakini alikuwa na dukuduku kwamba kanisa lenye watu wengi namna ile lilikuwa limelala usingizi. Septemba 1929 alikutana kilimani Namirembe na daktari mmoja kijana wa Kiingereza, Joe Church, aliyekuwa anafanya kazi Gahini, mashariki mwa Rwanda. Daktari huyo alikuwa amechoka mwili na roho. Watu hawa wawili wakakaa siku mbili wakisoma Biblia, wakifuatilia kila mahali panapotaja Roho Mtakatifu. Baadaye Nsibambi aliacha kazi yake ya serikali akaanza kuhubiri mitaani, na inasimuliwa kwamba aliviacha hata viatu.

Mwaka huo huo wa 1929 mdogo wake, Blasio, ambaye alikuwa amesomea ualimu, alikubali kwenda Gahini kufundisha.

Gahini ya miaka ile

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu bila kuielewa Gahini hatutaelewa kilichofuata.

Gahini iko juu ya ziwa Muhazi. Wamishonari wa Kianglikana waliifungua mwaka 1925, wakajenga hospitali na shule. Mwaka 1928 na 1929 njaa kali, ile Wanyarwanda wanayoiita Rwakayihura, iliangukia hasa upande huo wa mashariki. Watu walikufa njiani wakijaribu kuvuka kwenda Uganda kutafuta chakula. Daktari Church alikuwa ndio kwanza amefika mwaka 1928, na kazi yake ya kwanza ikawa kuhudumia wenye njaa. Ndiyo maana alikuwa amechoka siku ile alipokutana na Nsibambi.

Juu ya njaa kulikuwa na mambo mengine. Wabelgiji, waliopewa Rwanda na Burundi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuwa wanalazimisha watu kulima mazao fulani na kujenga barabara bila malipo. Waliokimbia kazi hizo walikwenda Uganda kuwa vibarua kwenye mashamba ya Waganda. Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa Mwami Musinga madarakani na kumweka mwanawe Rudahigwa. Kwa Mnyarwanda wa kawaida, mwami alikuwa nguzo inayoshikilia mvua, mavuno na ng'ombe. Kumwona anapakiwa na kupelekwa uhamishoni na wageni, bila ardhi kupasuka, kulimlazimisha mtu ajiulize ni nini basi kinachoshikilia dunia. Baada ya hapo watu walimiminika makanisani kwa maelfu, hasa Kanisa Katoliki. Wengi walikwenda kwa sababu machifu wamekwenda.

Kwa hiyo Blasio alifika mahali ambapo njaa ndiyo kwanza imepita, ya zamani yamevunjika, na dini mpya imejaa watu wasiojua hasa wamefuata nini. Naye alifika akiwa mgeni. Waganda waliokwenda Rwanda kufundisha walionekana kama wazungu wa daraja la pili. Walivaa vizuri, walizungumza lugha ya kanisa, na wengine waliwadharau wenyeji waziwazi. Waliokaa na mashirika ya misaada hapa Kibondo na Kasulu watanielewa ninaposema kwamba mwenye mkoba wa kazi si lazima awe mzungu ndipo aonekane bwana.

Kibanda cha maombi

Blasio alipewa shule ya kuandaa walimu wa dini. Alifanya kazi kwa bidii, kwa ukali pia, na mwaka 1934 akatawazwa kuwa shemasi. Wakati huo moto ulikuwa umeshaanza kuwaka pembeni yake. Yosiya Kinuka, kiongozi wa wahudumu wa hospitali, ambaye mwanzoni alikuwa mtu wa malalamiko na aliyefikiria kuacha kazi, alibadilika baada ya kwenda kuonana na Nsibambi Kampala. Mwishoni mwa mwaka 1933, katika mkutano wa maombi Gahini, watu walianza kusimama mmoja mmoja na kutaja dhambi zao mbele ya wenzao. Hilo halikuwa kwenye ratiba.

Mwaka 1935 Blasio mwenyewe alifika ukingoni. Aliona kwamba anafundisha vizuri lakini hafundishi kitu. Akajifungia kwenye kibanda kidogo takribani juma zima, akifunga na kuomba.

Alipotoka, jambo la kwanza alilofanya halikuwa kuhubiri. Alikwenda kwa mke wake akaomba msamaha. Kisha akawaendea wanafunzi wake, Wanyarwanda aliowafundisha kwa ukali, akawaomba msamaha wao pia.

Msikilizaji wangu, fikiria jambo hili katika mazingira ya mwaka 1935. Mwalimu, mtoto wa chifu, Mganda, kiongozi wa dini mwenye shati la kola, anasimama mbele ya vijana wa watu na kusema amewakosea. Mke anaombwa radhi na mume mbele za watu. Katika nchi ambayo kila mtu alijua nani anainama na nani anainamiwa, tendo hilo lilikuwa na nguvu kuliko mahubiri elfu. Nadhani sehemu kubwa ya siri ya uamsho ule iko hapo, na wanahistoria wa dini wanaokimbilia kueleza njaa na ukoloni peke yake wanaipita haraka. Njaa inaeleza kwa nini watu walikuwa na kiu. Haielezi kwa nini walikunywa kisima hiki na si kingine.

Kabale, Septemba 1935

Mwezi wa tisa mwaka huo timu ya watu wachache ilialikwa kuongoza mkutano Kabale, Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda. Alikuwemo Blasio, kaka yake Nsibambi, Kinuka, na daktari Church. Waafrika na Mwingereza walipanda jukwaa moja na kila mmoja akakiri udhaifu wake mbele ya wengine. Walihubiri mambo ya kawaida: dhambi, toba, msalaba. Lakini baada ya mkutano Kigezi ilianza kuchemka. Watu walirudisha vitu walivyoiba. Walioonewa waliendewa na waliowaonea. Usiku vilima viliimba. Baadaye kukawa na watu waliotetemeka, walioanguka, walioona maono, hadi maofisa wa serikali wakaanza kuulizana kuna nini.

Wasiwasi wa maofisa ulikuwa na historia. Mwaka 1905 huku kwetu, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa ametoa dawa ya maji, na Wajerumani walimnyonga mwanzoni kabisa mwa vita vya Maji Maji. Mwaka 1921 katika Kongo ya Wabelgiji, katekista wa Kibaptisti aitwaye Simon Kimbangu alianza kuponya wagonjwa kijijini kwake Nkamba. Watu waliacha mashamba na hospitali wakamfuata. Katika miezi michache alikamatwa, mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo, Mfalme Albert akaibadilisha adhabu kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu akafia gerezani Elisabethville mwaka 1951, baada ya miaka 30. Kanisa lake halikufa. Lilienea hasa kwa sababu wafuasi walihamishwa kwa nguvu kwenda majimbo ya mbali, nao wakaibeba imani yao huko.

Ukiziweka hadithi hizi tatu pamoja, unaona kinachofanana. Ngarambe kulikuwa na kilimo cha lazima cha pamba na kodi. Nkamba kulikuwa na kazi za shuruti na kumbukumbu mbichi ya homa kuu ya mafua ya 1918 iliyoua watu wengi mno. Gahini kulikuwa na njaa na mwami aliyeondolewa. Kila mahali, wale ambao kwa kawaida wangeeleza maafa, yaani mganga, chifu, mzee wa ukoo, walikuwa wameshindwa kueleza au wamewekwa mfukoni na serikali. Padri na mchungaji nao mara nyingi walikuwa upande wa serikali. Nafasi ikabaki wazi kwa mtu asiye na cheo mwenye neno jipya.

Tofauti ni kwamba Blasio hakutaka kuanzisha kitu chake. Alitaka kanisa lake lile lile liamke. Hilo ndilo lililompeleka Kampala kwa mara ya mwisho.

Safari ya Januari

Mwanzoni mwa mwaka 1936 Blasio aliondoka kwenda kwenye sinodi ya kanisa la Uganda. Alikuwa amebeba hoja chache ambazo ziliwakera wakubwa kabla hazijasemwa. Kwa ufupi, aliuliza kwa nini kanisa limepoa, kwa nini watu wanaoishi hadharani katika dhambi wanaruhusiwa kukaribia meza ya Bwana na hata kuongoza, na nini kifanyike ili kanisa liamshwe. Neno alilokuwa nalo mdomoni lilikuwa Zukuka, kwa Kiganda, yaani amka.

Njiani alishikwa na homa. Ilikuwa homa ya papasi, wale kupe wa ndani ya nyumba wanaojificha kwenye nyufa za ukuta na sakafu ya udongo na kuuma usiku. Wazee wa kwetu wanaujua ugonjwa huo. Homa inakuja, inaondoka ukidhani umepona, halafu inarudi. Alifariki Kampala tarehe 25 Januari 1936, kabla ya kusimama mbele ya sinodi.

Hoja zake hazikuzikwa naye. Mwaka uliofuata kanisa la Uganda lilitimiza miaka 60, na Askofu Cyril Stuart aliitisha misheni ya jubilei kote nchini. Zukuka likawa neno la misheni hiyo. Gahini nako, katikati ya mwaka 1936, wimbi la toba na vilio lilipita kwa nguvu ambayo Blasio hakuiona akiwa hai. Karani wa serikali, William Nagenda, aliacha kazi Uganda akaenda Gahini mwaka huo huo, naye akawa mhubiri mkubwa kuliko wote wa kundi hilo.

Jinsi ulivyovuka hadi huku

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Kenya timu ilifika mwaka 1937. Tanganyika ilifikiwa mwaka 1939, kupitia Katoke, kwenye chuo cha walimu upande wa ziwa Victoria. Burundi ulipita kwa vituo vya Matana na Buhiga ambavyo Waanglikana walikuwa wamevifungua katikati ya miaka ya 1930. Na kutoka Burundi kuja Buha hakuna hata haja ya mkalimani. Kirundi na Kiha ni lugha za ndugu, watu walioana kuvuka mto, walifuata ng'ombe na masoko, na mpaka waliuchorewa na wengine. Wabelgiji wenyewe waliikalia Buha kuanzia 1916 hadi walipoikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921.

Buha ya wakati huo ilikuwa na machungu yake. Kwa sababu ya ugonjwa wa malale, serikali ya Waingereza iliwahamisha watu kutoka vijiji vyao na kuwakusanya kwenye makazi mapya. Vijana walichukuliwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, wakiitwa manamba. Familia zilikaa bila baba kwa miaka. Katika hali kama hiyo, kikundi cha watu kumi au ishirini wanaokutana kila juma, wanaitana ndugu, wanajua mwenye njaa ni nani na mgonjwa ni nani, kinakuwa ukoo mpya. Huhitaji kusoma ili utoe ushuhuda. Mwanamke anaweza kusimama na kusema. Mkimbizi au kibarua akifika mji wa mbali anauliza tu ndugu wanakutana wapi, na usiku huo ana mahali pa kulala. Kanisa la Kianglikana la Tanganyika Magharibi, lenye makao Kasulu, lilipata askofu wake wa kwanza mwaka 1966, Musa Kahurananga, na uamsho huo ulikuwa umeshalowesha udongo wake.

Sitaki kuipaka rangi hadithi hii. Mwaka 1941, chuoni Mukono, wanafunzi 26 wa uchungaji walifukuzwa, Nagenda akiwemo, baada ya kugombana na uongozi kuhusu mikutano yao ya alfajiri na ukali wao kwa wenzao. Waliookoka wengi waliwahukumu wazazi, wakakataa kula na ndugu zao, wakakagua mavazi ya wengine. Na liko jeraha kubwa zaidi. Rwanda, nchi ambamo moto ule uliwashwa, ndiyo ambamo mwaka 1994 makanisa mengi yaligeuka mahali pa mauaji. Walikuwepo waliookoka waliowaficha jirani zao na wakafa nao. Walikuwepo pia waliowahi kuimba Tukutendereza pamoja na majirani zao, halafu wakawatoa wauawe. Nimezungumza na watu wa Nduta ambao wameishi mambo ya namna hiyo Burundi, na hakuna hata mmoja aliyenipa jibu jepesi kuhusu hilo. Mzee mmoja alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema toba ya Gahini iligusa wizi na uzinzi na hasira, lakini swali la nani Mhutu na nani Mtutsi watu waliliogopa wakaliacha mlangoni. Sina cha kuongeza.

Kwa mama aliyepiga simu

Kambi ya Nduta ilifunguliwa tena mwaka 2015 kupokea watu waliokimbia Burundi. Mtu aliyefika pale amepoteza shamba, ukoo umetawanyika, karatasi inampa namba, na kesho yake inaamuliwa mahali asipopajua. Mchungaji wa kwao pengine alibaki. Kwa hiyo wanaanza kukutana chini ya mti, halafu chini ya turubai, na akitokea mwenye neno wanamfuata. Ni yale yale ya Gahini, yakiwa na simu za mkononi na vipaza sauti.

Ila mama yangu, makanisa haya hayafanani. Yapo yanayokufanya umfuate mtu fulani, na kila juma kuna sadaka mpya ya kufungua mlango fulani. Na yapo yale ambapo kiongozi ndiye wa kwanza kutaja kosa lake. Mimi si mchungaji, ni mtangazaji, lakini ukiniuliza nitazame wapi nikiingia kanisa geni, nitamtazama kwanza mke wa mhubiri na vijana wake wa kazi, nione kama wanamwogopa.

Simeoni Nsibambi aliishi hadi mwaka 1978, miaka 42 baada ya kumzika mdogo wake. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa mgonjwa nyumbani kwake karibu na Namirembe, na watu kutoka nchi zote hizi walikwenda kumwona. Gahini bado ina hospitali yake juu ya ziwa Muhazi. Na Jumapili ijayo, ukipita barabara ya Nduta mapema kabla ya jua kali, utausikia ule wimbo wa Kiganda.